Sitini na Nne na Nusu

Ofisini kaka yangu walimwita Mzee Toleo, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mtu akimsimamisha kwenye ngazi kumlalamikia kwamba programu yake imegoma, hakumuuliza imegoma wapi wala imeanza lini. Swali lake lilikuwa moja tu: "Toleo gani?" Hata nyumbani, siku mke wake aliposema jiko la gesi halishiki moto, sisi wengine tulimuuliza toleo gani kabla yeye hajafungua mdomo. Alicheka pamoja nasi. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Mimi ni mdogo wake, na katika ofisi hiyohiyo ni mtu wa mapokezi. Napokea simu, naandikisha wageni, naagiza majani ya chai na karatasi, vikao vikiwepo naandika kumbukumbu. Dawati langu linatazama chumba cha mafundi kupitia kioo, kwa hiyo machache sana hunipita. Fundi wa kompyuta mimi siye. Lakini nimekaa na mtu huyu tangu tukigombania blanketi moja, na miaka yote hiyo amekuwa akiyamwaga mambo ya kazi yake mezani, hata ukiziba masikio utayajua. Sasa nayajua, na laiti nisingeyajua.

Ofisi yetu hutengeneza programu za shule na vyuo. Programu huandikwa kwa lugha ya kompyuta, na lugha hizo, kama zilivyo simu, kila baada ya muda hutolewa toleo jipya lenye namba yake. Toleo jipya hurekebisha mengi, na hubadilisha mawili matatu kimyakimya. Kitu kilichoandikwa kwa toleo moja kikiendeshwa kwa jingine, wakati mwingine hugoma kabisa, na hiyo ndiyo nafuu. Balaa ni pale kinapokubali.

Kazi ya kaka ilikuwa kuitunza mashine ya kuunda. Fundi yeyote akibadilisha hata mstari mmoja, mashine hiyo, ambayo si yetu bali tumeikodi kwa kampuni ya mbali, huichukua programu nzima, huiunda upya toka mwanzo, huijaribu kwa mifano tuliyoiwekea, kisha hutoa hukumu. Bosi wetu, kijana mpenda vitu, aliagiza taa ikafungwa juu ya mlango wa chumba cha mafundi. Mashine ikiridhika, taa huwa ya kijani. Ikikataa, nyekundu. Taa ikiwa nyekundu hakuna fundi anayetoka kwenda kula, hiyo ilikuwa amri ya bosi, na ikiwa kijani kazi hupelekwa kwa mteja papo hapo na hakuna anayeuliza tena. Mimi mwenyewe nilizoea kuinua macho kuitazama kabla ya kumwambia mteja kwenye simu kwamba mambo yako sawa.

Kuna faili dogo linaloiambia mashine itumie toleo gani. Humo unaweza kuandika namba kamili ya toleo, au ukaandika tu kwamba itumie lililo jipya kuliko yote. Vijana wengi huandika "jipya", wakaendelea na maisha yao. Kaka hakuwahi. Aliandika namba hadi tarakimu ya mwisho, akahakikisha kompyuta ya kila fundi ina namba hiyohiyo, na anayekwenda kinyume alimkalia kooni mpaka arekebishe. Alisema jipya la leo si jipya la kesho, namba haigeuki. Vijana walimwona mkoloni. Mimi nilimwambia huo sasa ni ugonjwa, aende akapimwe.

Nyumbani tulikuwa wanne: kaka, wifi yangu, mimi, na binti yao wa pekee. Binti tulimwita Nesi tangu hajaanza shule, maana hakuna kidole kilichokatwa na kisu nyumba ile ambacho yeye hakukifunga. Alimfunga paka, alifunga mguu wa kiti uliolegea. Siku moja alinifunga goti mimi nisiye na jeraha lolote, akaniamuru nisiinuke mpaka nipone, nami nikakaa pale hadi wifi akaja kuniuliza chakula kinapikwa na nani. Alikua, akarefuka kunipita, na hakubadili nia hata siku moja.

Kuingia chuo cha uuguzi kuna mtihani, na huruhusiwi kuufanya zaidi ya mara tatu katika maisha yako. Mara ya kwanza Nesi aliufanya akiwa na homa inayomtetemesha mpaka kalamu inamtoka. Mara ya pili alikosa kidogo tu, akalala ameelekea ukuta, chakula anapelekewa kitandani na kinarudi kama kilivyokwenda. Hii ilikuwa ya tatu. Akifaulu, atakuwa muuguzi. Akikosa, hana chuo tena, wala hakuna wa kumlilia.

Na programu ya kukokotoa matokeo ya chuo hicho ilikuwa yetu. Alama waliziingiza wao wenyewe huko kwao, sisi hatukuziona. Programu ilichukua alama za karatasi mbili, ikatafuta wastani, na wastani ukiwa na nusu, nusu hiyo ikapandishwa kuwa namba nzima, ndivyo sheria ya chuo inavyosema. Mwenye sitini na tano kwenda juu ameingia. Hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, utasema, na mimi nilisema hivyohivyo.

Wiki ya matokeo, chuo kikaomba tubadilishe kichwa cha karatasi ya matokeo, jambo la kukaa nusu saa. Fundi mmoja akabadilisha, akaipa mashine, taa ikawa nyekundu. Si kosa lake. Kampuni ya mbali ilikuwa imeliondoa lile toleo letu la zamani kwenye mashine zake. Walishatangaza kwamba wataliondoa, na kaka alishamwomba bosi apewe muda wa kuhamia jipya taratibu, akilinganisha matokeo ya zamani na mapya moja baada ya jingine. Bosi kila mara alisema tutaona. Sasa tumeona.

Nilikuwa nawatazama kupitia kioo. Kaka amesimama mikono nyuma, bosi anaongea na huku chuo kiko kwenye simu yake, na mafundi wote wamekaa na njaa chini ya taa nyekundu wakimkodolea macho mzee mmoja mbishi. Kaka aliomba siku mbili tatu. Bosi akasema wanataka leo. Akaomba hata mpaka kesho, bosi akamwonyesha simu. Basi kaka akakaa. Akarekebisha yale ambayo toleo jipya lilikuwa likiyalalamikia waziwazi, na kwenye lile faili dogo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaandika neno "jipya" akaacha namba. Mashine ikaunda, ikajaribu mifano yote, ikaridhika. Taa ilipogeuka kijani walimpigia makofi, wakatoka kwenda kula.

Matokeo yalitoka tukiwa nyumbani sote, mchana, wifi anakunja nguo. Nesi alikuwa na simu mkononi. Hakulia. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma bei sokoni: karatasi ya kwanza sitini na nne, ya pili sitini na tano, wastani sitini na nne, hukuchaguliwa. Wifi aliweka nguo chini. Mimi nilianza kusema maneno ya kipumbavu, kwamba kuna mengine ya kusomea, kwamba Mungu yupo.

Kaka alikuwa anahesabu, midomo inacheza. Kisha akamwambia mtoto arudie. Akarudia. Sitini na nne na sitini na tano ni mia moja ishirini na tisa, nusu yake ni sitini na nne na nusu, na nusu inapandishwa. Ilitakiwa iwe sitini na tano. Alisema hivyo taratibu sana, akainuka, akaenda chumbani kwenye kompyuta yake, na mimi nyuma yake.

Alikuwa bado ana toleo la zamani humo. Akaliingizia sitini na nne na nusu, likajibu sitini na tano. Akaliingizia toleo jipya namba ileile, likajibu sitini na nne. Alinieleza huku mkono umeshika paji la uso. Toleo la zamani lilipandisha kila nusu. Jipya, nusu ikiwa kati ya namba mbili, huipeleka kwenye ile inayogawanyika kwa mbili, iwe juu au chini. Wenye lugha yao walikuwa na sababu zao, na walitangaza. Sitini na nne na nusu ikashushwa.

Nikamuuliza mbona mashine iliridhika, si ina mifano. Mfano wa nusu upo, akasema, aliuweka yeye mwenyewe miaka mingi nyuma: sabini na moja na nusu. Hiyo matoleo yote mawili huipandisha kuwa sabini na mbili. Angeweka sabini na nusu, taa ingebaki nyekundu na wangeshinda na njaa. Katika namba zote alizoweza kuchagua, mkono wake ulikwenda kwenye hiyo.

Nakiri kwamba mimi moyo wangu ulirukaruka kwa furaha. Kosa limeonekana, kosa linasahihishwa, mtoto anaingia chuo, kwisha. Nilitoka mbio kwenda kumwambia Nesi kwamba ni mashine iliyokosea, yeye hakukosea. Alinitazama, kisha akaomba chakula, akala sahani nzima. Wifi akawa anacheka huku analia. Kaka peke yake ndiye aliyekuwa na uso wa msiba, na mimi nikamgombeza kwamba hata kwenye heri yeye hutafuta shari.

Bosi, nisimsingizie, hakukataa. Alipoonyeshwa alikaa chini kama aliyeishiwa pumzi, akapiga simu chuoni mwenyewe, na tukaitwa kwenye kamati: yeye, kaka, na mimi wa kuandika kumbukumbu. Njiani bosi aligeuka kwenye kiti cha mbele akamwambia kaka aeleze kosa tu. Habari za binti yake azihifadhi, hakuna aliyemuuliza. Kaka akatazama dirishani. Nilidhani amekubali.

Kamati ilikuwa ya watu watano na mwenyekiti mama mmoja mpole, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Kaka aliwaeleza vizuri kuliko alivyonieleza mimi. Mwenyekiti akasema basi, kosa si la watoto, matokeo yakokotolewe upya, na waliopaswa kuingia waingie kabla masomo hayajafunguliwa wiki ijayo. Nikaandika. Watu wakaanza kukusanya karatasi zao, bosi amekwishainuka nusu, na mimi tayari namwona Nesi kwenye sare nyeupe.

"Mama mwenyekiti," kaka akasema, "kuna jambo moja. Kati ya hao watoto, mmoja ni mwanangu."

Bosi alirudi kwenye kiti. Mwenyekiti alivaa miwani yake, akamtazama kaka kwa muda, kisha akatuomba tusubiri nje. Hakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililonitia baridi.

Nje kulikuwa na benchi chini ya ubao wa matangazo. Bosi alikwenda mbali kidogo akajifanya anasoma simu. Mimi nilikaa karibu na kaka yangu na hasira imenishika hadi mikono.

"Nani alikuuliza?" nikamwambia. "Niambie, kaka. Nani mle ndani alikuuliza?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Wakija kugundua wenyewe watasema niliunda kosa kwa ajili yake. Watayafuta yote, na wale wengine warudi nje."

"Na wasingegundua?"

"Mwaka huu nimeshaandika kitu kisicho kamili mara moja," akasema. "Umeona kilichotokea."

Nilimwambia kwamba huyu si faili, huyu ni mtoto. Tukaitwa ndani.

Uamuzi wao ulikuwa huu. Matokeo yatakokotolewa upya na wote walioshushwa watapandishwa, isipokuwa mwenye undugu na mtengenezaji wa programu. Huyo atabaki na alama yake ya kwanza, ili asije mtu akasema kosa lilitengenezwa nyumbani. Mzazi anaweza kukata rufaa, ni haki yake. Lakini rufaa ikikatwa, marekebisho yote yatasimama mpaka isikilizwe, na masomo yatakuwa yamefunguliwa bila watoto hao. Na kama hana pingamizi, atie sahihi hapa.

Kaka aliuliza wengine ni wangapi. Mwenyekiti akasema ni arobaini na kitu. Kaka akanyoosha mkono kwangu nimpe kalamu.

Sikumpa. Niliishika mkononi mwangu nikatazama meza, na mkono wake ukabaki hewani mbele ya watu wale wote. Mwishowe bosi alitoa yake. Kaka akasaini polepole, jina zima, kama anavyoandika kila kitu.

Tukarudi nyumbani. Nesi alikuwa ameosha na kunyoosha shati jeupe, amelitundika kwenye mlango wa kabati. Kaka alimwita sebuleni akamkalisha, akamweleza yote kwa mpangilio, hakuficha hata kwamba alisema mwenyewe bila kuulizwa. Katikati ya maelezo wifi aliinuka akaenda jikoni, akafungua bomba la maji, akaliacha linatiririka. Nilimsikia analia nyuma ya sauti ile.

Nesi alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Hao wengine wote walikuwa na sitini na nne na nusu?" akauliza.

"Wote."

"Na wameingia."

"Wameingia."

"Ungenyamaza, baba, na mimi ningeingia?"

Mwanaume yeyote mwenye huruma angedanganya hapo. Mimi ningedanganya bila kupepesa jicho. Kaka yangu alisema, "Nadhani ungeingia."

Mtoto akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mgonjwa aliyeambiwa ugonjwa wake. "Sawa, baba," akasema. "Ila naomba msiniite Nesi tena." Akaenda chumbani, akalitoa shati mlangoni, akalikunja.

Sasa anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme, anauza nyaya na balbu, na wanamsifu kwa uaminifu. Wifi na kaka huzungumza habari za maji, umeme na funguo. Mimi nilikaa bila kumsemesha muda mrefu, halafu nikaanza tena, maana mtu huwezi kuishi na kaka yako mkipishana kama wapangaji, lakini sijamsamehe na yeye anajua. Kuna siku namwona alikuwa sahihi, na siku hizo ndizo mbaya zaidi, kwa sababu sina hata wa kumkasirikia. Na ofisini lile jina limekufa lenyewe. Mtu akimsimamisha kwenye ngazi, husikiliza mpaka mwisho, kisha husema atatazama.

Kwenye faili alilifuta lile neno "jipya", akaandika namba kamili, na kwenye programu akairekebisha hesabu ya nusu. Akaongeza na mfano mpya. Alinionyesha mara moja tu: sitini na nne na nusu, jibu linalotakiwa sitini na tano. Mashine huujaribu kila inapounda, kila siku, kabla ya kuruhusu taa.

Kwa hiyo nikiinua macho nikakuta kijani, najua huko ndani ile nusu imepandishwa tena, imefaulu. Namwambia mteja kwenye simu kwamba mambo yako sawa. Jioni nikifika nyumbani mtoto hunifungulia mlango na kunipokea mkoba, nami namwita kwa jina lake la shuleni, ambalo mpaka leo linanikwama mdomoni, na yeye hungoja kwa subira mpaka nilimalize.